Ufunguo wa mlango wa maji atashika nani?



Kiangazi kimoja nilifuatana na watu wa mradi mpaka kijiji kimoja cha jimbo letu. Injenieri alitandika plani yake juu ya meza, chini ya mwembe. Akaonyesha baraji ndogo ya mawe, mfereji wa sementi, na mlango wa chuma wa kufungua na kufunga maji. Sultani alifurahi, makapita walifurahi, watu wote wakapiga makofi. Halafu mama mmoja, aliyekaa nyuma kabisa na jembe lake, akauliza: "Baba, na ufunguo wa huo mlango, atashika nani?"

Injenieri akacheka kidogo. Akasema hilo ni jambo dogo, tutaliona kisha.

Tangu siku ile ulizo la yule mama halijatoka kichwani mwangu. Nimesoma, nimeuliza wakubwa, nimelinganisha na inchi zingine. Naona lile si jambo dogo hata kidogo. Njo jambo lenyewe. Sementi inaweza kuleta maji mpaka karibu na shamba, lakini kuyafikisha kwa kila mulimaji, mwaka baada ya mwaka, ni kazi ya watu wenye haki ya kuamua. Leo nataka tuelezane juu ya nini.

MAJI TUKO NAYO, NA BADO TUNALIA KIANGAZI

Anayetazama jimbo letu kwenye ramani hawezi kuelewa shida yetu. Tuko na ziwa Tanganyika mbele ya mlango. Tuko na Lukuga inayotoka ziwani hapa Kalemie na kwenda mpaka Lualaba. Tuko na Luvua, na vijito vingi vinavyoshuka milimani. Lakini mulimo wetu karibu wote unangojea mvua ya kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa ine. Ikifika mwezi wa tano, jembe linalala, isipokuwa kwa wachache wenye kulima lengalenga, nyanya na vitunguu kando ya mto, wakimwagilia na ndoo asubuhi na jioni.

Hii si shida ya Tanganyika peke yake. Kwa takwimu za FAO, mashamba ya Kongo yenye mitambo ya kumwagilia ni kama hektari elfu kumi tu, na sehemu kubwa yake ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni za sukari. Inchi kubwa namna hii, yenye mto wa pili duniani kwa wingi wa maji, na mulimaji wa kawaida anabeba maji kichwani.

Umwagiliaji, ile wengi wetu tunaita irigasio, unaweza kubadilisha maisha ya kijiji. Mulimaji anapata mavuno mawili kwa mwaka kuliko moja. Anauza mboga wakati bei iko juu. Mvua ikikatika katikati ya msimu, mpunga haukauki. Franka za kiangazi njo zinalipa masomo ya watoto mwezi wa tisa. Kwa hiyo hakuna mtu anayekataa mfereji. Ulizo ni moja: juu ya nini mifereji mingi inakufa wakati wenye mradi wamerudi kwao?

SOMO LA PIANA-MWANGA

Jina la Piana-Mwanga tunalijua. Ni maporomoko ya mto Luvua, upande wa Manono, ambapo katika miaka ya 1930 kampuni ya Géomines ilijenga baraji ya umeme kwa ajili ya mgodi wake wa bati. Ilikuwa kazi kubwa ya mikono na ya akili. Lakini ilijengwa kwa ajili ya mgodi. Mgodi ulipoanguka na vita ikafika mwishoni mwa miaka ya 1990, umeme nao ukazimika.

Umeme si irigasio, najua. Hata hivyo somo ni moja. Kazi ya maji inafuata uzima wa yule aliyeishika. Kama anayeishika ni kampuni, kampuni ikifa nayo inakufa. Kama ni mradi wa miaka mitatu, inaishi miaka mitatu. Na wale wanaobaki siku zote kando ya maji, ni nani? Ni walimaji.

KUSHIRIKI SI SALONGO

Hapa tuwe waangalifu, maana neno "kushirikisha walimaji" limechoka. Kila mradi unaliandika, na mara mingi maana yake ni moja: watu waitwe, wachimbe bure, wapigwe foto, wagawiwe soda.

Wazee wetu wanaijua namna hiyo ya kushiriki. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa mulimo wa lazima, pamba na vingine: mulimaji alipangiwa siku za kazi kila mwaka, na asiyelima alifungwa. Wakati wa Mobutu ikaja salongo. Mikono ilikuwa ya watu, lakini kuamua hakukuwa kwao. Ndiyo sababu leo ukimwambia mzee "tuchimbe mfereji wetu", anakuangalia kwanza. Anajiuliza "wetu" ni ya nani.

Kushiriki kwa kweli kunaonekana katika mambo mane:

1. Walimaji wanaamua zamu za maji, na wanaweza kuzibadilisha.
2. Wanakusanya mchango wao wenyewe na wanashika sanduku lao.
3. Wana haki ya kumtoza faini mwizi wa maji, hata kama ni ndugu ya sultani.
4. Wanachagua komite yao na wanaweza kuiondoa.

Kama hata moja haiko, tuite jina lake: salongo.

JUU YA NINI INJENIERI HAWEZI KUAMUA PEKE YAKE

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme bonde lina hektari 30, na walimaji 120, kila mmoja robo ya hektari. Mpunga unahitaji, kwa kadiri, lita moja na nusu kwa segonde kwa kila hektari. Mara 30, ni lita 45 kwa segonde. Wakati wa mvua mto unatoa hizo bila shida. Kiangazi unatoa 20 tu. Maji hayo yanatosha hektari 13 hivi.

Sasa hektari 17 zingine zitafanya nini? Kuna njia nyingi. Wote walime sehemu ndogo. Au upande wa juu ulime mwaka huu, upande wa chini mwaka ujao. Au kiangazi wote waache mpunga, walime mboga na maharagi zenye kutaka maji kidogo. Hakuna fomula ya hesabu inayoweza kuchagua. Ni ulizo la haki, na jibu lake litafuatwa tu na watu waliolikubali wenyewe.

Tena kuna ugonjwa wa mifereji yote ya dunia: mulimaji wa juu na mulimaji wa chini. Wa juu yuko karibu na mlango. Anafungua wakati anataka na maji yanazidi mpaka yanaoza mizizi. Wa chini anangoja. Akichoka kungoja, anatoboa mfereji usiku. Akitoboa, sementi inavunjika. Halafu tunasema "walimaji wameharibu mradi". Hapana. Mradi ulisahau kupanga nani anafungua saa ngapi.

MWEA: WALIPOKATAA, NA WALIPOJIFUNZA

Mfano ninaoupenda zaidi uko Kenya, kwa sababu unaonyesha pande mbili.

Mwea ni bonde la mpunga chini ya Mlima Kenya, karibu kilometa 100 kutoka Nairobi. Linapata maji ya mito Thiba na Nyamindi. Kazi ilianza mwaka 1954, wakati Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau, na mifereji ya kwanza ilichimbwa na wafungwa. Baada ya uhuru, mwaka 1966, Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ikaundwa na kushika kila kitu. Mulimaji alipewa eka nne, lakini hakuwa mwenye shamba. Alikuwa na ruhusa tu. Bodi ilimwambia apande lini, ilimkata gharama, na mpunga wote aliupeleka kwake, isipokuwa kiasi kidogo cha kula. Akivunja masharti, angeweza kufukuzwa. Wachunguzi waliofika katika miaka ya 1960 na 1970 waliandika jinsi wanawake wa Mwea walivyoteseka: wanafanya kazi kwenye mpunga mchana kutwa, franka zinaingia mkononi mwa bwana, na chakula cha nyumbani kinakosekana.

Kwa karatasi, Mwea ulikuwa mradi mzuri. Mavuno yalikuwa mazuri. Lakini mwaka 1998 walimaji walikataa. Walisema bei wanayopewa haitoshi, wakaacha kupeleka mpunga kwa bodi, na kazi ikaingia mikononi mwa kooperative yao. Kulikuwa na machafuko mpaka polisi wakaingia.

Sasa, sisi vijana tunapenda hadithi iishie hapo: wananchi wameshinda. Haikuishia hapo. Kooperative ilijua kuuza mpunga na ilimpa mulimaji uhuru wa kuchagua mnunuzi. Lakini kusafisha mifereji mikuu kulitaka mashini, mafundi na franka nyingi. Mifereji ikaanza kujaa matope. Watu wapya walifungua mashamba nje ya mpango na kuvuta maji yaleyale. Ugomvi wa maji ukakua.

Mwaka 2003 wakakaa tena na serikali, na safari hii wakagawana kazi. Bodi ikabaki na kazi kubwa: baraji za mtoni na mifereji mikuu. Walimaji, kupitia chama cha watumiaji wa maji, wakashika mifereji midogo, zamu, na mchango wa matengenezo. Mpunga ukabaki wao, wauze wanakotaka. Sheria mpya ya mwaka 2019 ikaweka vyama vya watumiaji wa maji ndani ya sheria ya inchi. Mwaka 2022 baraji mpya ya Thiba ikamalizika, ili maji ya mvua yangojee kiangazi.

Mwea hawajafika mbinguni, bado wanagombana. Lakini somo ni wazi. Serikali kushika kila kitu kulishindwa. Walimaji kuachiwa kila kitu pia kulishindwa. Kilichosimama ni mkataba: kila mmoja ashike kile anachoweza, na aulizwe juu yake.

WENYE MIFEREJI YA ZAMANI WANASEMA NINI

Tusifikiri kwamba Mwafrika alingojea mradi ili ajue kupanga maji. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro, Wachaga wamechimba mifereji yao, wanaiita mifongo, tangu zamani kabla ya mkoloni. Kila mfongo una wenyewe na una msimamizi. Siku ya kusafisha, kila nyumba inatoa mtu. Asiyekuja analipa faini. Huko Kenya, Wamarakwet wameshusha maji kutoka milima ya Cherangani mpaka bonde la Kerio kwa mifereji ya mawe na miti, na kila ukoo unajua siku yake.

Mwanamke mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, alitumia maisha yake kuchunguza mambo kama haya. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi. Yeye na wenzake walilinganisha mifereji mingi ya Nepal. Waliona kwamba ile iliyoshikwa na walimaji, hata yenye baraji za matawi na mawe tu, mara mingi ilifikisha maji mpaka mwisho wa mfereji kuliko ile ya serikali yenye sementi.

Sababu yake inashangaza. Baraji ya matawi inabebwa na maji kila mwaka. Ili kuijenga tena, mulimaji wa juu anahitaji mikono ya mulimaji wa chini. Kwa hiyo anamwachia maji, ili mwaka kesho aje kusaidia. Sementi ikifika, wa juu hahitaji tena mtu. Urafiki unakwisha, na maji ya wa chini yanakwisha nayo. Wandugu, musiseme basi tukatae sementi. Semeni hivi: siku sementi inapoingia, mapatano mapya yaingie siku ileile, kwa maandishi.

Na tusisahau walio nje ya mradi. Lower Moshi, Tanzania, ilimalizika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Mpunga ulitoka vizuri sana, mpaka walimaji wa juu ya mto, ambao hawakuwa kwenye mpango, nao wakaanza kulima mpunga kwa maji yaleyale. Chini, shamba la mpunga likapungua. Komite ya bonde moja haitoshi kama mto una mabonde matatu.

HAPA KWETU

Kwetu sheria haikosi. Sheria ya mulimo, namba 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011, na sheria ya maji, namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, zimetoka. Wanafunzi wa agronomia wanaijua pia CARG, iliyowekwa ili serikali, walimaji na mashirika wakae meza moja. Kinachokosa ni kuishusha karatasi mpaka kwenye mfereji. Naona mafundo matatu.

Fundo la kwanza ni udongo. Tangu sheria ya mwaka 1973 udongo ni wa serikali, lakini kijijini unagawiwa na sultani na wenye ukoo. Bonde kavu, kila mtu anaweza kulima. Bonde likipata maji, bei yake inapanda, na mwenye udongo anakumbuka kwamba alikuwa ameliazima tu. Wanaotoka wa kwanza ni wajane, wakimbizi wa vita, vijana. Kwa hiyo mapatano ya udongo yaandikwe kabla ya jembe la kwanza kugusa mfereji.

Fundo la pili ni nani anakaa kwenye komite. Jimbo letu limeona damu kati ya Batwa na Baluba, zaidi kuanzia 2013, na sote tunajua vijiji vilivyochomwa. Komite ya maji yenye upande mmoja tu inapanda ugomvi mpya. Komite yenye pande mbili inaweza kuwa mahali pa kwanza ambapo watu wanakaa pamoja kila juma kwa sababu wanahitajiana, hata bila mahubiri ya amani.

Fundo la tatu ni wa mama. Ndio wanaobeba mulimo, lakini kwenye komite wanapewa kiti cha kupika chakula cha wageni. Matokeo yake yanaonekana kwenye zamu. Komite ya wanaume watupu inampangia mjane zamu ya saa nane ya usiku, peke yake, kilometa mbili na nyumba. Hawezi kwenda. Wanasema "amepoteza zamu yake".

NA SISI WENYE DIPLOMA?

Wengi wetu tumemaliza na tunangojea kazi ya ofisi. Kijiji hakituhitaji kuwa maprezida wa komite. Walimaji wanajua kuongoza. Wanahitaji vitu tunavyojua kufanya.

Kupima maji, kwa mfano. Hautaki mashini. Chukua sehemu ya kijito iliyonyooka, pima metre 10. Tupa kipande cha mti kavu, hesabu segonde. Kikipita kwa segonde 40, mwendo ni metre 0.25 kwa segonde. Pima upana na urefu wa kwenda chini: tuseme metre 0.5 na metre 0.2. Zidisha vyote vitatu: 0.025. Maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha tena kwa 0.8. Unapata 0.020, ni kusema lita 20 kwa segonde. Fanya hivyo kila juma, kiangazi chote, andika kwenye kaye. Mradi ukija, kijiji kitakuwa na namba zake, hakitadanganywa na plani iliyochorwa na mtu aliyeuona mto mwezi wa pili tu.

Kushika kaye ya sanduku, pia. Komite nyingi zinakufa kwa franka kidogo ambazo hakuna anayejua zilienda wapi. Hesabu isomwe mbele ya watu wote kila mwisho wa mwezi, kwa Kiswahili. Na kuandika mapatano kwa lugha ambayo watu wanaisikia, kabla ya kuyapeleka kwa Kifaransa kwenye teritware.

Kiangazi hiki, wengi wenu mutarudi nyumbani. Kabla ya kuandika TFC nyingine juu ya "umuhimu wa irigasio", shuka kwenye bonde la kwenu na kaye moja. Pima maji. Uliza nani yuko juu na nani yuko chini. Uliza udongo ni wa nani. Halafu muulize mama mmoja mwenye jembe kama ufunguo angetaka ushikwe na nani, na umuache azungumze mpaka amalize.

Mimi sikumuuliza yule wa chini ya mwembe. Nilipanda pikipiki pamoja na injenieri, tukarudi mjini.